Jezi ya Kijani Mandera: Majibu kwa Wanaosema Gor Mahia Haituhusu

Jioni moja pale mtaa wa Bulla Jamhuria, hapa Mandera, alipita kijana wa miaka kama kumi na minne mbele ya kibanda cha chai, amevaa jezi ya klabu ya soka ya Gor Mahia. Ilikuwa ya mitumba. Rangi ya kijani ilikuwa imechujuka kwa jua na sabuni, na maandishi ya SportPesa kifuani yamebanduka herufi kadhaa, ukawa unasoma nusu tu. Kola ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi mweupe, mishono mifupi mifupi ya mtu aliyejaribu kwa bidii. Mzee mmoja akamwita: "Warya, umekuwa Mjaluo lini?" Benchi zima likacheka. Kijana akainamisha kichwa, akaishika kola yake kana kwamba anataka kuificha, akaenda zake.

Nilibaki pale, na maneno yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike. Wazee na vijana wenzangu walitoa madai mengi kuhusu klabu hiyo, mengine nusu kweli, mengine si kweli kabisa, na yote yakisemwa kwa uhakika wa mtu anayesoma kitambulisho chake mwenyewe. Adeer, nawaheshimu. Lakini kijana yule aliaibishwa kwa jambo ambalo halina aibu, kwa hiyo acheni niyachukue madai yenu moja baada ya jingine.

La kwanza, na ndilo kubwa: kwamba Gor Mahia ni klabu ya Wajaluo, ikaundwa na Wajaluo, kwa ajili ya Wajaluo. Sehemu mbili za mwanzo sizikatai. Tatizo liko kwenye ya tatu.

Ili kuelewa klabu hii ilivyozaliwa, mfuate kibarua wa miaka ya arobaini na hamsini aliyepanda gari la moshi Kisumu akashuka Nairobi au Mombasa. Hana ndugu mjini. Akifiwa, nani atachanga nauli ya kumrudisha maiti nyumbani? Mtoto akifukuzwa shule kwa karo, ataenda kwa nani? Hapo ndipo vilipoanza vyama vya ustawi vya watu wa sehemu moja. Wajaluo walikuwa na Luo Union, Waluhya walikuwa na chao, na wengine vyao. Serikali ya kikoloni ilivipenda vyama vya namna hiyo kuliko vyama vya siasa. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, vyama vya siasa vya Waafrika vya nchi nzima vilipigwa marufuku, na viliporuhusiwa tena mwaka 1955 ilikuwa kwa sharti kwamba kila chama kiishie ndani ya wilaya yake. Hali hiyo iliendelea hadi 1960. Basi Mkenya wa wakati ule aliyetaka kukusanyika na wenzake jioni baada ya kazi, mlango ulioachwa wazi ulikuwa ule wa kwao. Walipokusanyika, walicheza mpira. Timu zikabeba majina ya vyama.

Ndivyo Abaluhya United ilivyozaliwa mwaka 1964, ndiyo hiyo tunayoiita leo AFC Leopards. Na ndivyo mwaka 1968 Luo Union ilivyoungana na Luo Stars, ikatoka Gor Mahia, ambayo ikachukua ubingwa wa ligi mwaka huohuo wa kwanza. Muungano haukuwafunga wote. Luo Union iliendelea kivyake baadaye, na ikachukua kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, 1976 na 1977. Kwa hiyo hata hao Wajaluo wenyewe hawakuwa na klabu moja. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilipoamuru vyama vya kikabila vivunjwe na majina ya makabila yaondoke kwenye mpira, Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union.

Huo ndio mwanzo. Sasa tazameni nani amevaa jezi hiyo tangu hapo. Abbas Khamis Magongo alikuwa kwenye kikosi kilichochukua kombe la Afrika 1987. Dan Sserunkuma na Godfrey Walusimbi walitoka Uganda. Karim Nizigiyimana alitoka Burundi. Jacques Tuyisenge na Abouba Sibomana walitoka Rwanda, na Meddie Kagere akaichezea timu ya taifa ya nchi hiyohiyo. Francis Kahata, Kenneth Muguna, Nicholas Kipkirui, Wesley Onguso, Clifton Miheso: Mkenya yeyote akiyasoma majina hayo anajua yametoka pande ngapi za nchi. Makocha wamekuwa Waskoti, Waingereza, Wabrazili. Hata ukitaka kuhesabu kabila, utaishiwa vidole kabla hujamaliza wachezaji wa msimu mmoja.

Na yule mpinzani wao mkubwa, Leopards? Mechi yao inaitwa Mashemeji. Neno hilo halikuletwa na mdhamini. Limetoka kwa mashabiki, kwa sababu Wajaluo na Waluhya wameoana vizazi na vizazi, na siku ya mechi shemeji anakaa upande huu na mwenzake upande ule, kisha jioni wanakula meza moja. Langoni kwa hao Waluhya alisimama kwa miaka Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa, ambaye nchi nzima ilimwita "Kenya One". Kama Leopards ingekuwa ya Waluhya peke yao, Abbas angefika vipi pale?

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu sisi watu wa Mandera tunajua gharama ya kuhesabiana. Rhamu na Banisa, miaka ya 2013 na 2014, watu walikufa na familia zikahama kwa sababu ya ukoo wa mtu. Na tunajua pia kinyume chake. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likija huku kwetu lilisimamishwa karibu na El Wak na watu wenye bunduki, wakawaambia Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, na mwezi uliofuata akafariki. Mji ulioona hayo haupaswi kumwuliza mtoto amegeuka kabila gani kwa sababu ya fulana.

Tena tujitazame. Timu zetu za hapa zinaanzaje? Vijana wa bulla moja wanachanga, wananunua mpira, wanajipa jina. Mara nyingi wanaochanga ni wa nyumba zinazojuana, wa ukoo mmoja au miwili. Akija mtoto wa mwalimu kutoka Kitui au wa fundi kutoka Meru mwenye mguu mzuri, hakuna anayemfukuza. Atapewa namba 9. Basi msiinyime Gor Mahia njia ileile mnayoipa timu ya mtaa wenu.

Dai la pili lilitolewa kwa sauti ya chini zaidi, na ndilo lililomwogopesha kijana, nilivyomwona: kwamba Gor Mahia ni jina la mganga, na Mwislamu akilivaa anaingia kwenye shirki.

Ni kweli klabu imeitwa kwa jina la mtu. Gor aliishi Kanyamwa, upande wa Ndhiwa katika kaunti ya leo ya Homa Bay, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa ya ishirini. Alikuwa kiongozi na mganga aliyeogopwa, na "mahia" ni neno la Kijaluo lenye maana ya miujiza. Watu walihadithia kwamba anaweza kujigeuza. Waliounda timu walichukua jina la shujaa wa hadithi za kwao, kama Waholanzi wa Amsterdam walivyochukua Ajax, shujaa wa Wagiriki wa kale. Anayeshangilia Ajax haabudu Wagiriki, na anayeshangilia Gor hamwombi marehemu wa Kanyamwa kitu chochote.

Na sasa naomba tuwe wakweli. Jezi inayoonekana zaidi Mandera kuliko zote, ukiondoa ya Arsenal, ni ya Manchester United. Mwite kijana aliyeivaa, angalia nembo kifuani. Pale katikati kuna shetani mwekundu ameshika mkuki wa ncha tatu, na timu yenyewe inajiita Mashetani Wekundu. Nimekaa kwenye vibanda vya mji huu miaka mingi na sijasikia hata mara moja mtu akimwambia kijana avue jezi hiyo kwa sababu ya dini. Ikiwa nembo ya shetani wa Manchester mnaiona ni picha tu ya mpira, basi jina la mzee wa Ndhiwa nalo ni jina tu la mpira. Musa Mohammed, beki aliyekuwa nahodha wa Gor Mahia, aliivaa jezi hiyo kifuani na kitambaa cha unahodha mkononi. Sijasikia aliyemwambia aache.

La tatu: "Mnajisifu na 1987, lakini ilikuwa bahati, hata fainali hawakushinda." Hili nalifurahia, maana jibu lake liko kwenye hesabu.

Fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987 ilichezwa mechi mbili dhidi ya Espérance ya Tunisia. Ya kwanza ilikuwa Tunis: 2-2. Ya marudiano ilikuwa Nairobi mwezi Desemba: 1-1. Jumla 3-3. Kanuni ya wakati ule ilisema goli la ugenini lina uzito zaidi, na Gor walikuwa na mawili ugenini, Espérance moja. Kombe likabaki Nairobi. Kanuni ilijulikana na pande zote mbili kabla ya mpira kuanza. Kufunga mara mbili Tunis, mbele ya mashabiki Waarabu wa kaskazini ambao kwa miongo wamewafundisha mpira wengi wetu, hakukuwa bahati. Nahodha alikuwa Austin Oduor, mshambuliaji hatari alikuwa Peter Dawo, na kocha alikuwa Mwingereza, Jack Johnson.

Tena haikuwa mara ya kwanza kufika huko. Mwaka 1979 Gor walicheza fainali ya kombe hilohilo na Canon ya Yaoundé, wakapigwa vibaya, 2-0 na kisha 6-0. Timu iliyopigwa sita ikarudi baada ya miaka minane ikachukua kombe. Na tangu wakati huo? SC Villa ya Uganda ilifika fainali za Afrika 1991 na 1992. Simba walifika 1993, wakafika tena 2025. Yanga walifika 2023. Wote walirudi mikono mitupu. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya, Uganda wala Tanzania iliyowahi kuchukua kombe la Afrika. Mtu akiita hilo bahati, basi bahati hiyo imewakataa majirani wote kwa karibu miaka arobaini.

La nne, kwamba mashabiki wa Gor ni watu wa fujo. Hapa sitetei yote. Nimeona kwenye televisheni viti vikirushwa na mawe yakipigwa. Tarehe 23 Oktoba 2010, watu saba walikufa katika mkanyagano kwenye lango la Uwanja wa Nyayo siku ya mechi ya Gor na Leopards. Saba, walioondoka nyumbani kwenda kutazama mpira. Klabu imewahi kupigwa faini na kufungiwa kwa makosa ya mashabiki wake, na ilistahili. Lakini mkanyagano langoni ni kosa la walioandaa mechi kama lilivyo la waliosukuma, na mtoto wa Bulla Jamhuria hakuwapo. Mwacheni ashangilie timu bila kubebeshwa mawe ya mtu mwingine.

Mmoja akaongeza kwamba ni klabu isiyolipa wachezaji. Ni kweli wakati mwingine. SportPesa waliponyang'anywa leseni mwaka 2019 na kuondoka, wachezaji walikaa miezi bila mishahara, na bado wakatangazwa mabingwa. Hilo la kutolipwa ni aibu ya uongozi. Lakini lazima lieleweke linatoka wapi. Ulinzi Stars ina jeshi nyuma yake. Tusker ina kiwanda cha bia. Kenya Police, waliochukua ubingwa wa 2025, wana idara ya serikali. Gor na Leopards wana wanachama, mdhamini anayekuja na kuondoka, na tikiti za mlangoni. Mimi na wewe hatuwezi kuwa wanachama wa timu ya jeshi. Gor Mahia, mtu wa Mandera akitaka, anaweza kujiandikisha na kulipa ada, akasimama kwenye mkutano akauliza fedha zimeenda wapi. Wako wengi wamesimama wakauliza, tena kwa ukali.

La tano sitalirefusha: "Mpira wa Kenya si mpira, mpira ni Ulaya." Julai 2017, Everton walikuja Dar es Salaam kucheza na Gor. Wayne Rooney, aliyekuwa ndio kwanza amerudi klabu yake ya utotoni, alifunga kwa shuti la mbali, Tuyisenge akasawazisha, na Everton wakashinda 2-1 kwa shida. Mwaka uliofuata Gor walikwenda Goodison Park, Liverpool, wakapigwa 4-0. Sifichi nne. Nasema tu kwamba klabu ya Kenya ilifika pale. Na Michael Olunga, aliyekuwa akivaa jezi ya Gor mwaka 2015 wakati timu ilipomaliza ligi nzima bila kufungwa hata mechi moja, alikwenda Uswidi, kisha Uhispania ambako alipiga mabao matatu katika mechi moja ya La Liga akiwa na Girona mwaka 2018, na Japani mwaka 2020 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 28. Huyo mlimtazama kwenye runinga hiyohiyo ya kibandani, na hamkujua kwamba aliwahi kuivaa ile jezi mliyoicheka.

Limebaki moja, na hili lilinisikitisha kuliko yote kwa sababu lilisemwa na kijana, si mzee. Alisema: "Sisi tuko mbali. Mpira wa Kenya ni wa watu wa chini."

Namwelewa. Nairobi iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Tukitaka kwenda nchi nyingine, tunavuka kwa miguu: Bula Hawa upande wa Somalia, Suftu ng'ambo ya mto Daua upande wa Ethiopia. Tukitaka kwenda mji mkuu wetu wenyewe, tunahesabu vizuizi vya barabarani. Wengi wetu bado tunasema "naenda Kenya" tukipanda basi. Na mpaka leo hakuna klabu ya Mandera iliyowahi kucheza ligi kuu ya nchi. Hayo yote ni kweli.

Lakini umbali ni sababu ya kutaka zaidi, walaal, si ya kukata tamaa. Tarehe 7 Desemba 2024 shirikisho la soka nchini lilimchagua rais mpya, Hussein Mohammed, na McDonald Mariga, Mkenya wa kwanza kushinda Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, kama naibu wake. Jina Hussein Mohammed unaweza kuliita katika bulla yoyote ya Mandera na wataitika watu watatu. Bara zima litakuja Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2027 kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mtoto wa hapa anayecheza peku kwenye mchanga wa mto Daua akitaka kufika kwenye timu ya taifa, njia yake haipiti Manchester. Inapita kwenye klabu za hapa nchini, ikiwemo hiyo ya kijani. Tukimfundisha kwamba klabu hizo ni za watu wengine, tumeifunga njia hiyo sisi wenyewe kabla hajaanza kutembea.

Nilimwona tena yule kijana juma lililofuata, jirani na sokoni. Alikuwa ameivaa jezi ileile, lakini safari hii chini ya shati la shule, na kola ya kijani ikichungulia juu. Nikamwuliza kwa nini ameifunika. Akasema ni kwa sababu ya wazee.

Basi wazee wangu, mkimwona akipita tena mbele ya kibanda, msimuulize kabila. Mwulizeni Gor walicheza na nani Jumapili na wakamalizaje. Atawajibu, maana hayo anayajua.